Kiwiko cha Mwalimu

(Hotuba fupi iliyotolewa bwaloni, jioni ya mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wenzangu tuliosoma hapa, na ninyi wadogo zetu mliopo:

Nimeombwa niseme juu ya mchezo wa vishale, ambao huwafundisha vijana wa mtaani kwetu kila Jumamosi. Nitasema, lakini kwanza nikiri kosa.

Miaka mingi nimekuwa nikiwaamuru vijana: "Kiwiko kisitikisike!" Kijana mmoja alinitii kuliko wote, na ndiye aliyekosa shabaha kuliko wote. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana jicho, akatafute mchezo mwingine. Juma lililofuata hakuja.

Mpwa wangu alinishauri tupige picha. Tulibandika alama za rangi begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo cha mkono. Simu tukaiweka ubavuni mwa mrushaji, ikapiga picha 240 kwa sekunde. Kisha programu ya kompyuta ikazifuata alama zile picha kwa picha na kuchora njia ya kila moja. Jicho haliwezi kazi hiyo: kutoka mstarini hadi ubaoni ni mita 2.37, na kishale hufika kabla hujapepesa macho mara mbili.

Nilirusha wa kwanza, ili niwe mfano. Mchoro ukaonyesha kiwiko changu kikipanda kila mkono uliponyooka! Nilichokikataza ndicho nilichokuwa nikikifanya.

Nikaenda nyumbani kwa yule kijana, nikamwomba radhi mbele ya mama yake, nikamsihi arudi. Picha zake zilionyesha kiwiko kimekazwa kama nguzo, na mkono ukikatika njiani. Mara aliachia mapema, kishale kikapanda. Mara alichelewa, kikachimba chini. Na pete ya mara tatu ina upana wa milimita 8 tu! Jicho lake halikuwa na kosa. Nilimwambia auache mkono umalize safari yake kuelekea ubaoni. Hajawa bingwa, lakini vishale vyake sasa hukaa jirani, naye hakosi Jumamosi.

Wadogo zangu, simu hamruhusiwi hapa, najua. Jaribuni wakati wa likizo. Nasi tunaofundisha, kabla ya kumwambia mtoto kwamba hawezi, tujitazame kwanza sisi tunavyorusha.