Ramani Bila Intaneti Kwenye Linux

Kompyuta au simu yenye mfumo huria wa Linux inaweza kuonyesha njia hata pasipo na mtandao, mradi ramani imepakuliwa mapema. Ramani hizo kwa kawaida hutoka OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na data zake ni huru kwa wote. Ubora wake hutegemea wachoraji wa mahali penyewe: Dar es Salaam ina mitaa na mifereji iliyochorwa kwa kina kupitia Ramani Huria, kazi ya wanafunzi na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko.

Kwa anayeanza, programu ya Organic Maps ndiyo rahisi zaidi: mtumiaji hupakua eneo analolitaka, kisha hutafuta mahali na kupanga safari bila intaneti. Navit huelekeza kwa sauti kona kwa kona, ila kuiandaa kunahitaji subira.

Mahali alipo msafiri hujulikana kwa mawimbi ya setilaiti, si kwa intaneti. Kompyuta mpakato nyingi hazina kipokezi cha GPS. Cha kuchomeka kwenye USB hutosha, na programu ya gpsd husoma taarifa zake.