Jina Getini, Kibali Dodoma

Mhadhara wa umma kuhusu sheria na vyuo vikuu vya umma katika Nyanda za Juu Kusini

Fundi wa kuandika mabango angeweza kusomesha watoto kwa geti moja tu la Iyunga, Mbeya. Mwaka 1986 kilifunguliwa hapo chuo cha ufundi, Mbeya Tech kwa waliosoma pale. Mwaka 2005 kikawa taasisi, MIST. Mwaka 2012 kikapanda tena, kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Majina matatu ndani ya miaka 26, uwanja uleule, na baridi ya Juni ileile.

Ndugu zake hawakushika njia hiyo. Dar Tech iligeuzwa kuwa DIT kwa sheria ya 1997, nayo Arusha ikabaki chuo cha ufundi kwa jina na kwa kazi. Kupanda kwa Mbeya kulikuja na gharama ambayo haitajwi siku ya sherehe. Chuo cha ufundi hujipima kwa fundi sanifu anayefungua mota na kuirudisha ikizunguka. Chuo kikuu humpima mhadhiri kwa shahada ya uzamivu na machapisho, kwa hiyo mwalimu wa karakana mwenye mkono mzuri wa kulehemu lakini asiye na karatasi hizo hujikuta pembeni. MUST imeendelea kutoa stashahada sambamba na shahada, na uamuzi huo unastahili sifa kuliko bango lolote.

Mwaka huohuo wa 2005 ndio uliobadilisha mambo Iringa. Bunge lilitunga Sheria ya Vyuo Vikuu, ikazaliwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na vyuo vya umma na vya binafsi vikawekwa chini ya msimamizi mmoja. Chuo hakikuhitaji tena sheria yake ya peke yake kama ile ya 1970 iliyoanzisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, enzi ambazo Julius Nyerere alikuwa Rais wa nchi na Mkuu wa Chuo kwa wakati mmoja. Sasa kila chuo kingeongozwa na Hati Idhini.

Mkwawa haikungoja hata hati. Kwa Tangazo la Serikali la Septemba 2005, majengo yaliyojulikana kwa sekondari yake yakawa MUCE, chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulikuwa umeanza 2004, sekondari za kata zikaota kama uyoga, na walimu hawakutosha. Vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache, wakapelekwa madarasani, na mitaani wakaitwa “vodafasta”. Mkwawa, pamoja na chuo kishiriki cha Chang'ombe, Dar es Salaam, ilikusudiwa kuziba pengo hilo kwa walimu wenye shahada.

Chuo kishiriki kina Rasi, si Makamu Mkuu wa Chuo. Mtaala mpya unaoandikwa Iringa hupita vikao vya Mkwawa, hupanda hadi Seneti ya chuo mama Mlimani, Dar es Salaam, karibu kilomita 500 kutoka hapo, kisha hufika TCU. Cheti cha mhitimu huandikwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wahitimu wengi, kusema kweli, hawalalamiki.

Fedha nazo zina sheria yake. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hutoa fedha ambazo kila mwanafunzi anazijua kwa jina la bumu. Mkopo humfuata mwanafunzi hata akienda chuo binafsi, na mjini Iringa chuo cha Kilutheri na cha Kikatoliki viko umbali wa nauli ya bajaji. Tangu 2017, udahili wa pamoja uliposimamishwa na waombaji kurudishwa vyuoni moja kwa moja, chuo cha umma kinatafuta wanafunzi kama kingine chochote. Deni nalo humfuata mhitimu: marekebisho ya 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara, na Mei Mosi 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kufuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo.

Lakini sheria zinazobana zaidi hazina neno “chuo” kwenye majina yake. Mhadhiri akistaafu, idara haiajiri kesho yake. Nafasi huingizwa kwenye ikama, yaani orodha ya nafasi za watumishi, kibali huombwa Ofisi ya Rais, Utumishi, Dodoma, na tangazo hupitia Sekretarieti ya Ajira. Huku nyuma vipindi vinagawanywa kwa waliobaki, na darasa la watu 80 linaunganishwa na lingine. Ununuzi wa darubini unafuata sheria ileile inayosimamia ununuzi wa matairi ya halmashauri. Hati Idhini inakipa chuo uhuru wa kitaaluma. Uhuru wa kumwajiri atakayeutumia uko kwenye jalada jingine.

Tangu 2021 mradi wa kuboresha elimu ya juu, HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, umeleta kreni na mifuko ya saruji kwenye vyuo hivi, hadi kampasi ya MUST mkoani Rukwa. Maabara mpya zitahitaji mafundi sanifu, na nafasi zao zitaombwa kwenye ikama ya mwaka ujao wa fedha.