AINA ZA MANENO KATIKA SARUFI YA KIINGEREZA



Mtumishi aliyeandika kwa Kiingereza "I request leave" ameomba likizo. Aliyeandika "I request to leave" ameomba kuondoka, na mkuu wake wa kazi ana haki ya kuuliza iwapo anajiuzulu. Neno "leave" ni lile lile. Kilichobadilika ni kazi yake. Katika barua ya kwanza ni jina, katika ya pili ni kitenzi, na kilichozitenga barua hizo ni kineno cha herufi mbili tu.

Waliosoma nahau ya Kiarabu wanafahamu kwamba wanavyuoni, tangu Sibawayhi katika karne ya pili ya Hijra, waliyagawa maneno mafungu matatu: ismu, fiili na harfu. Kiingereza kimerithi mgawo mrefu zaidi kutoka kwa Wagiriki na Warumi, na vitabu vya shule huhesabu aina nane: jina, kiwakilishi, kivumishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Wapo wanaoongeza ya tisa kwa ajili ya "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina.

Kuyahifadhi majina hayo si taabu. Taabu ni kwamba kitenzi cha Kiswahili aghalabu hujulikana kwa viambishi vyake, hali neno la Kiingereza huhama aina bila ya kubadili vazi. "Fast" ni saumu, ni kufunga, tena ni upesi. Anayekimbilia kamusi kabla ya kutazama nafasi ya neno katika sentensi atachagua maana kwa kubahatisha.

Mtoto wa Zagayu, Mkoa wa Simiyu, husema "munhu" na "banhu" kwa Kisukuma, na mwenzake wa Makunduchi husema "mtu" na "watu". Wote wawili wamezoea kivumishi kifuate jina na kipatane nalo: mtu mwema, watu wema. Wakifika kwenye Kiingereza hukuta kivumishi kimetangulia, wala hakibadiliki: "good person", "good people". Hukuta pia kwamba "hatutawalipa", kitenzi kimoja cha Kiswahili, hufumuliwa kuwa maneno matano: "we shall not pay them". Humo mna viwakilishi viwili, vitenzi viwili, na "not", ambayo ni kielezi. Katika barua ya malipo, kiwakilishi kimoja kikidondoka, msomaji hajui tena ni nani asiyelipwa.

Yako makosa yanayodhaniwa kuwa ya tahajia, kumbe ni ya aina ya neno. "Advice" ni jina, yaani ushauri. "Advise" ni kitenzi, yaani kushauri. Kwa hiyo "Please advice", isiyo ngeni majaladani, ni ombi lisilo na kitenzi. Mwenye shaka na alijaribu neno lake: likikaa sawa baada ya "will", ni kitenzi; likikaa baada ya "my" na maana ikatimia hapo hapo, ni jina.