Wengi Wape: Na Wachache Wapewe Nini?

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika futari ya pamoja ya vijana)

 

 Nimepewa dakika kumi, na adhana ya Maghribi haingoji mtu, kwa hivyo niingie moja kwa moja.

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Demokrasia yote imesimama juu ya neno hilo. Mimi silipingi. Watu wasipokubaliana, ni bora wahesabu kura kuliko wahesabu maiti. Lakini nina swali moja: wengi wakishapewa chao, wachache wabaki na nini?

Tuanze na sisi wenyewe. Sensa ya 2019 ilituhesabu Waislamu zaidi kidogo ya milioni 5, katika nchi ya watu milioni 47 na nusu. Manake hakuna kura ya nchi nzima ambayo tutaishinda peke yetu. Sasa kumbukeni suala la mahakama ya kadhi. Mahakama hizi zilikuwako Pwani kabla Kenya haijawa Kenya. Oktoba 1963, ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ulipokuwa ukiunganishwa na Kenya, yaliandikwa makubaliano kwamba mahakama ya kadhi itahifadhiwa, na ikaingia katika katiba ya uhuru.

Mwaka 2010 ilipoletwa katiba mpya, jambo hilo hilo likawa moja ya hoja kubwa za waliopiga kampeni ya La. Mwezi wa Mei mwaka huo, majaji wa Mahakama Kuu wakasema mahakama ya kadhi haifai kuwa ndani ya katiba. Hata hivyo tarehe 4 Agosti katiba ikapita kwa asilimia 67 hivi, na leo mahakama ya kadhi imo katika kifungu cha 170. Haiamui ila ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yake.

Wengi waliosema Ndiyo hawakuwa Waislamu. Tumshukuru Mungu, na wao pia tuwashukuru. Lakini jiulizeni, je, kura ingegeuka? Mirathi ya mama yangu ingetegemea mkono wa mtu ambaye haimhusu ndewe wala sikio? Hapo ndipo unapoona kwamba kuna mambo ya kupigiwa kura, na kuna haki ambazo mtu huzaliwa nazo. Kura huchagua nani atashika usukani. Haimpi dereva ruhusa ya kumtupa abiria nje kwa sababu abiria ni mmoja.

Ndugu zangu, hatuko peke yetu. Kule Ziwa Baringo kuna jamii ndogo ya Il Chamus. Walikwenda mahakamani wakalalamika kwamba kwa miaka 40 hawajapata mbunge hata mmoja, kwa sababu kila uchaguzi walikuwa wakimezwa na jamii kubwa iliyokuwa nao katika eneo moja la bunge. Hakuna aliyewaibia kura. Walipiga, zikahesabiwa, wakashindwa, miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakubali kwamba wachache nao wana haki ya kuwakilishwa, na kwamba mipaka ya maeneo ya bunge izingatie hilo.

Na Wanubi je? Wazee wao waliletwa kutoka Sudan kama askari wa Mwingereza, wakakaa Kibera zaidi ya miaka mia. Bado vijana wao walikuwa wakiambiwa wathibitishe kwamba ni Wakenya kabla ya kupewa kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi katika haki yao ya uraia. Hati ya ardhi yao ya Kibera, ekari 288, waliipata mwaka 2017. Hesabuni wenyewe ni vizazi vingapi vilingoja.

Mpaka hapa naona mwaitikia kwa vichwa, manake nimesema tuliyodhulumiwa. Sasa niseme la upande wa pili.

Mimi natoka Tana River. Kwetu sisi ndio wengi. Nilipomaliza Form Four kijiji chetu kililetewa kioski cha maji, kimoja tu. Wazee wakaita baraza chini ya mkwaju tuamue kijengwe wapi. Pembeni mwa kijiji kuna nyumba chache za Wawaata, Waislamu wenzetu, twasali nao safu moja. Wao wakaomba kiwekwe katikati, kati yao na sisi. Ikapigwa kura kwa kuinua mikono. Baba yangu aliinua wa kwake, na mimi nikainua wangu. Tukashinda kwa mbali. Kioski kikajengwa karibu na kwetu.

Jioni nyanya mmoja wa Kiwaata alinipita na mtungi wake. Nikamwamkia, "Shikamoo nyanya." Akaitikia, kisha akaniambia, "Mjukuu wangu, leo mumetuhesabu. Hamkutusikiza."

Wallahi sikuwa na jibu. Kura ile ilikuwa halali, hakuna aliyehonga wala kutisha. Na bado tulidhulumu. Ndipo nikajua dhulma haihitaji mtu mbaya. Yatosha watu wazuri walio wengi wakafikiria mitungi yao pekee.

Masahaba walipohamia Habasha walikuwa wachache na wageni. Makureshi wakatuma wajumbe, akiwemo Amr bin Al-As, na zawadi, ili warudishwe. Najashi, mfalme Mkristo, hakuuliza wako wangapi. Alikataa kuwatoa mpaka awasikize, akasimama Jaafar bin Abi Talib akaeleza. Uislamu ulihifadhiwa siku ile na mtu mwenye nguvu aliyesikiza kwanza. Na tuisome tena Suratul Maida aya ya 8, tuone tulivyoamrishwa kufanya uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, seuze jirani tunayesali naye.

Basi tufanye nini? Katika kaunti tulizo wengi, tuikumbuke sheria ya serikali za kaunti: katika ajira, angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka jamii kubwa ya kaunti. Tusiidai Nairobi tukaivunja nyumbani. Katika kamati za maji, basari na misikiti, wachache wawe na kiti na wasikizwe kabla ya mikono kuinuliwa. Na tunapodai haki yetu, tumdai na Mnubi, na Mwaata, na Mkristo aliye mmoja katika kijiji chetu.

Mwaka jana nilirudi nyumbani nikamwomba baba tuifungue tena kesi ya kioski. Alinyamaza sana. Kisha akasema ataitisha baraza baada ya Idi, na safari hii wao ndio watakaoanza kusema. Limefanyika, na bomba la pili limeombwa kwa ajili ya upande wao. Halijafika bado. Tuombeeni.

Allah atutakabalie saumu zetu, na asitujaalie kuwa wenye kulia tukiwa wachache na wenye kuliza tukiwa wengi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.