Waliolitafuta Jina Lao Kitabuni

Mazungumzo ya redio
Masomo: Nehemia 7:4–5 na 7:61–65, Nehemia 3:4 na 3:21

  Aliye na Biblia karibu na aifungue katika kitabu cha Nehemia, mlango wa saba.

Nehemia amekwisha kuujenga ukuta wa Yerusalemu. Mji ni mpana, lakini watu waliomo ni wachache. Mungu akamtia moyoni kuwakusanya watu na kuwahesabu kwa nasaba zao. Naye akafanya nini? Alitafuta maandishi ya zamani. Akakiona kitabu cha majina ya wale waliotangulia kurudi kutoka Babeli, kitabu ambacho siku zile kilikuwa na umri wa miaka kama 90.

Wengi wetu tukifika katika mlango huu hufunua kurasa upesi, kwa kuwa majina ni mengi na magumu kutamka. Lakini kwa watu wale orodha ile ilikuwa jambo zito. Mwenye jina humo alikuwa na mji wa baba zake na fungu katika urithi. Tena tunasoma kwamba jamaa tatu, jumla yao watu 642, hawakuweza kuonyesha ukoo wa baba zao. Na wako makuhani, miongoni mwao wana wa Hakosi, waliolitafuta jina lao kitabuni wasilione. Wakaondolewa katika kazi ya ukuhani mpaka shauri lao liamuliwe mbele za Mungu.

Ndugu wasikilizaji, swali la watu wale limo nyumbani mwetu leo. Kijana aliyezaliwa Nairobi au Mombasa anauliza, "Sisi ni wa nani?" Babu amekwisha kufa, na baba hajui zaidi ya jina la babu yake. Swali hili si la kupitisha wakati. Wachumba hutaka kujua kama ni wa ukoo mmoja kabla ya kwenda kwa mchungaji. Ndugu hushtakiana kwa ajili ya shamba. Mama hufariki, na watu wakabishana juu ya mahali pa kumzika.

Wazee wetu walikuwa na kitabu chao, nacho kiliandikwa katika mioyo. Wameru walisimuliana habari za Mbwaa, kisiwa walikotoka baba zao wakavuka maji. Waembu walisimuliana habari za Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka chake kipo mpaka leo upande wa Runyenjes. Miaka ilihesabiwa kwa rika. Ukimwambia mzee wa Kimeru kwamba babu yako alikuwa wa rika la Miriti au la Murungi, atakuambia alitahiriwa wakati gani na akina nani walikuwa wenzake. Kwa Waembu, jina la babu humrudia mjukuu. Kwa hiyo ukilikuta jina moja mara tatu, usiseme ni mtu mmoja. Uliza kwanza, "Ni yupi huyu?"

Kisha yakaja maandishi. Boma la serikali lilifunguliwa Embu mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, chini ya Bwana E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi. Misheni ya C.M.S. ilianza Kigari mwaka 1910 pamoja na Daktari Crawford. Wamethodisti walifika Kaaga mwaka 1912. Daktari Irvine wa misheni ya Kiskoti alikuja Chogoria mwaka 1922. Kila mahali palipoanzwa kanisa, kulikuwako na kitabu cha ubatizo. Serikali ilimtafuta hasa mwanamume wa kulipa kodi ya nyumba na kuvaa kipande shingoni. Kanisa liliandika hata jina la msichana na la mjane. Kwa nyanya wengi wa nchi yetu, siku ya ubatizo ndiyo siku ya kwanza jina lao kuandikwa kwa wino.

Basi anayetaka kujua habari za watu wake aanze kwa wazee walio hai, akiwa na kalamu na daftari. Kisha aende kanisani, aombe kwa adabu kuonyeshwa vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Akifika Nairobi, aingie katika Nyumba ya Kumbukumbu za Taifa, Moi Avenue, ambako zimehifadhiwa taarifa za kila mwaka za wakuu wa wilaya. Lakini akumbuke kwamba mipaka ilihama. Ndia na Gichugu zilikuwa katika wilaya ya Embu mpaka Kirinyaga ilipotengwa mwaka 1963. Chogoria ilikuwa wilaya ya Meru, na leo iko katika kaunti ya Tharaka-Nithi. Mtu hutafuta siku nzima akaondoka mikono mitupu, kumbe babu yake yumo katika faili yenye jina la wilaya nyingine.

Tena yako magazeti. Gazeti Rasmi la Serikali limetoka tangu mwaka 1899, nalo hutangaza majina ya marehemu ambao mirathi yao inaombwa mahakamani. Yako magazeti ya Kiswahili kama Baraza, lililotoka tangu mwaka 1939 hadi 1979, na Taifa Leo, linalosomwa hata sasa. Tazameni tangazo moja la kifo katika gazeti la zamani. Utasoma kwamba marehemu alikuwa mwana wa fulani, ndugu wa fulani na fulani, mume wa fulani, baba wa hawa na babu wa wale. Sisi wa redio tunajua jambo hili vizuri. Matangazo mengi ya vifo yalisomwa hewani jioni, watu wakaacha kula ili wasikilize, na asubuhi sauti ile ilikuwa imekwisha kupotea. Lile lililochapwa gazetini, hata kama lilitumika kufungia nyama, pengine lipo mahali limekunjwa.

Lakini, wapenzi, yafaa tuseme kweli. Wako wengi ambao hawamo katika kitabu chochote. Katika Vita Kuu ya kwanza vijana wa Meru na Embu walichukuliwa pamoja na wengine wengi kubeba mizigo ya jeshi. Wengi walikufa kwa homa, kuhara na njaa, mbali na mama zao. Mjini Nairobi, katika Kenyatta Avenue, ziko sanamu tatu za shaba kwa ukumbusho wao. Maandishi yake yanaahidi kwamba mtu akifa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ukizunguka pande zote za jiwe lile, hutaona jina hata moja. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, walioshiriki vita ile hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa yao ni watu wa Afrika Mashariki na wa Misri.

Na miaka ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, nyumba zilichomwa, watu wakakusanywa vijijini, wengine wakapelekwa kizuizini wasirudi. Serikali ya kikoloni ilipoondoka mwaka 1963 ilichukua faili nyingi ikazificha Uingereza. Mwaka 2011, wazee wa Kenya waliokuwa wameteswa walipokuwa mahakamani London, faili hizo zikajulikana. Bwana wetu alisema kwamba lililofunikwa litafunuliwa. Hapa tumeliona likitimia, ingawa wengine wa wale waliongoja walikuwa wamekwisha kufa.

Sasa tuwarudie wana wa Hakosi. Jina lao halikuonekana. Je, walikwenda zao kwa hasira? Fungua mlango wa tatu wa Nehemia, palipoandikwa majina ya waliojenga ukuta. Utamkuta Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi. Alijenga sehemu moja ya ukuta, kisha akajenga na nyingine. Na wale watu 642 wasio na ushahidi wa baba zao, Nehemia hakuwafuta. Aliwahesabu pamoja na wengine, akaandika na habari yao, kwamba walitafuta wasione.

Tulisimuliwa habari ya jamaa moja upande wa Embu, ambayo hatutaitaja jina. Nyanya yao aliletwa akiwa mtoto wakati wa njaa kali, akabadilishwa kwa chakula, kama ilivyowapata wasichana wengi wa nchi kavu siku zile. Alikua, akaolewa, akazaa. Mjukuu wake alipofariki, wajomba walisema, "Hawa ni watu wa kuja. Hawana ukoo hapa. Wamzike kwingine." Watoto wa marehemu wakaenda kanisani kutafuta jina la nyanya katika kitabu cha ubatizo. Ukurasa ule ulikuwa umeliwa na mchwa. Wakakaa kimya mbele ya kabati.

Lakini mzee wa kanisa aliyekuwa pamoja nao akatoa daftari jingine, la michango ya kujenga kanisa la kwanza la mawe. Humo jina la nyanya lilikuwako. Liliandikwa zaidi ya mara moja, na mbele yake idadi ya mizigo ya mawe aliyoibeba kutoka mtoni. Daftari lile halikusema yeye alikuwa binti wa nani. Mzee akalisoma mbele ya watu wote, kisha akasema, "Huyu alibeba mawe ya nyumba ambayo sisi sote tumebatiziwa. Nani atamwita mgeni?" Wajomba wakainamisha vichwa, na mama yule akazikwa hapo.

Basi tunajifunza nini? Kwanza, karatasi za zamani ni amana. Nehemia asingeona kitabu kama hapangekuwa na mtu wa kukitunza kwa miaka 90. Wachungaji na wazee wa kanisa, vitabu vya ubatizo viko wapi? Je, viko juu ya sakafu yenye unyevu, au chini ya paa linalovuja? Nunueni sanduku la bati. Piganeni na mchwa. Vijana wenye simu za kupiga picha, piga picha kila ukurasa, na nakala ziwekwe mahali pawili, si pamoja.

Pili, tusitafute nasaba ili tujivune. Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho, zinazoleta maswali matupu. Anayetafuta kwa uaminifu huenda akaona mambo ya kuumiza. Huenda akaona babu aliyekuwa shujaa msituni, na ndugu ya babu aliyekuwa askari wa ulinzi upande wa serikali. Huenda akaona mtoto asiyeandikwa baba, au shamba lililopatikana kwa hila. Tufanyeje? Tuitazame nasaba ya Bwana wetu katika Mathayo mlango wa kwanza. Humo yumo Tamari, yumo Rahabu, yumo Ruthu Mmoabi, na yumo mke wa Uria. Roho Mtakatifu hakuwaficha. Neema ya Mungu ilipita katika nyumba ile ile yenye aibu. Kwa hiyo ukiigundua siri, usiipeleke sokoni. Ipeleke kwa Mungu kwanza, kisha kwa wazee wenye hekima. Na kama mmegundua dhuluma, irekebisheni mngali hai.

Tatu, tusimtupe mtu kwa sababu jina lake halionekani. Wameru wanajua gichiaro, undugu wa kiapo ambao watu wasio wa damu moja hawawezi kudanganyana wala kunyimana. Ikiwa baba zetu waliweza kumfanya mgeni kuwa ndugu, je, sisi tulioitwa kwa jina la Kristo tutashindwa?

Mwisho, Bwana Yesu aliwaambia wale sabini wasifurahi kwa kuwa pepo wamewatii, bali wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Kitabu hicho mchwa hawakifikii, wala serikali haikifichi, wala hakuna mjomba wa kukipinga. Yule mchukuzi aliyekufa njiani bila jina, Mungu anamjua. Yule msichana aliyebadilishwa kwa kikapu cha mtama, Mungu anajua jina alilopewa na mama yake.

Lakini hilo lisitufanye wavivu. Wiki hii, mwendee mzee mmoja. Mwulize jina la mama yake, na la mama ya mama yake. Andika. Usingoje mazishi.

Tuombe. Ee Baba yetu, Mungu wa Ibrahimu na Isaka na Yakobo, wewe ni Mungu wa watu wenye majina. Twakushukuru kwa waliotutangulia, wale tunaowajua na wale uwajuao wewe peke yako. Utupe bidii ya kuyatunza yaliyoandikwa, na ujasiri wa kuikubali kweli. Uwaguse waliofukuzwa na jamaa zao, uwape ndugu katika nyumba yako. Na majina yetu yaonekane siku ile katika kitabu cha Mwana-Kondoo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.