Mkonge wa Korogwe na Riziki ya Mfanyakazi: Hotuba kwa Wanachama



Tumepewa zamu ya kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila serikali hulitaja, nalo ni kuutengeneza uchumi. Neno hili lina utamu masikioni. Nani asiyetaka uchumi wa nchi yake utengenee? Lakini sisi wenye maduka, kila tunapoletewa bidhaa mpya, hatuna budi kuuliza: je, bei yake italipwa na nani? Swali hilo hilo twataka kuliuliza leo, na ili tusiseme kwa kudhania, tutatazama mahali palipokwisha kutengenezwa, tukaona nani alilipa.

Mahali penyewe hapako mbali. Jahazi za Pemba zimekwenda Tanga tangu enzi za babu zetu, na wengi wetu tuna jamaa huko. Ukitoka Tanga ukaenda bara wafika Muheza, kisha Hale, kisha Korogwe. Na ukishika njia ya kusini waingia nchi ya Wazigua, Wilaya ya Handeni, iliko Kwedizinga. Nchi yote hii iliishi chini ya kivuli cha mmea mmoja, nao ni mkonge. Wenye mashamba waliuita dhahabu ya kijani.

Mkonge haukuwa mmea wa kwetu. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dakta Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyofunika mabonde na vilima. Walakini mkonge haujikati wenyewe. Wenyeji wengi, Wazigua wakiwamo, hawakupenda kuyaacha mahindi yao wakaingia kazi ya miiba. Basi wenye mashamba wakatafuta watu wa mbali: kutoka Songea, kutoka Kigoma, kutoka Ruanda na Urundi, kutoka Msumbiji. Chombo chao cha kuandikia watu kiliitwa SILABU, na watu wenyewe wakaitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa namba kabla hajawa mtu. Mtu alipewa kipande cha siku thelathini, akakata majani, akayafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, na asipotimiza hesabu, siku yake haikuandikwa.

Hatusemi haya ili kuzisifu siku hizo. Wafanyakazi wenyewe hawakuzisifu: mwaka 1958 wale wa shamba la Mazinde, Korogwe, waligoma kwa wiki nyingi, wakastahimili njaa kuliko kuendelea na dharau. Twasema haya ili mjue kwamba hata katika dhuluma ile palikuwa na kazi, na juu ya kazi hiyo watu walijenga maisha. Mnamo 1964 Tanganyika ilitoa tani zipatazo 230,000 za nyuzi, na hapakuwa na nchi duniani iliyotoa zaidi. Waliokuwa wakifanya kazi mashambani katika miaka hiyo walizidi laki moja. Hesabuni wake zao, watoto wao, mwenye duka pale kambini, na mkulima wa Handeni aliyewauzia mahindi na kuku. Mtaona kwamba nyuzi zile zilifunga maisha ya watu wengi sana.

Kisha yakaja mambo matatu. La kwanza, bei ya mkonge ilianguka katikati ya miaka ya sitini, na viwanda vya ng'ambo vikaanza kutengeneza kamba za plastiki, ambazo hazihitaji shamba wala mvua. La pili, baada ya Azimio la Arusha la 1967 Serikali iliyachukua mashamba mengi, ikayaweka chini ya shirika, na baadaye chini ya Mamlaka ya Mkonge. La tatu, shilingi ilishikiliwa kwa thamani isiyokuwa yake, hata muuza nyuzi nje akawa anapokea kidogo kwa alichokiuza, na fedha za kununulia vipuri zikakosekana. Mashine za korona zikasimama, magugu yakaingia mashambani, mikonge mizee ising'olewe wala mipya isipandwe. Mwishoni mwa miaka ya tisini nchi iliyokuwa ya kwanza duniani ilikuwa ikitoa tani 20,000 hivi tu.

Hapa inatupasa tuwe waadilifu, maana sisi wa upande wa upinzani tusipokuwa waadilifu nani atatusadiki? Waliosema kwamba mambo hayawezi kuendelea vile walisema kweli. Duka linalokopesha kila siku na lisinunue bidhaa mpya, siku yake ya kufungwa haiko mbali, hata mwenyewe awe na huruma namna gani. Serikali ilifanya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, ikapunguza thamani ya shilingi. Mwaka 1992 ikaunda tume ya kurekebisha mashirika ya umma. Na mwaka 1998 sehemu kubwa ya mali ya Mamlaka ya Mkonge ikauzwa kwa kampuni iitwayo Katani. Haja ya kutengeneza ilikuwapo. Ubishi wetu uko katika namna ya kutengeneza.

Kwani tazameni. Hesabu ya madeni ilifanywa, hesabu ya mashine ilifanywa, hesabu ya ekari ilifanywa. Hesabu ya watu ndiyo iliyokuja nyuma, kama mtoto wa kambo. Manamba aliyekuja kijana kutoka Kigoma alikuwa sasa mzee. Watoto wake walizaliwa kambini, hawana kihamba Kigoma wala kiambo Korogwe. Mtu huyo kumwambia "rudi kwenu" ni kumwambia neno lisilo na maana. Kiinua mgongo, hata kikilipwa, kilikuwa fedha za mara moja mkononi mwa mtu asiyejua kazi nyingine. Na shilingi ikishuka thamani, fedha za mara moja huyeyuka kama barafu juani. Wala msiba haukukoma kwenye uzio wa shamba. Kambi ikinyamaza, mkulima wa upande wa Kwedizinga amuuzie nani mahindi? Naye hakuwamo katika orodha yoyote, wala hakuna tume iliyomwita.

Hata hivyo, katika nchi hiyo hiyo ya Korogwe yalifanywa mambo mema mawili, na haki yataka tuyaseme. Kuanzia 1999 kampuni ilianza kugawa sehemu za mashamba ya Hale, Ngombezi, Mwelya, Magunga na Magoma kwa wakulima wadogo, miongoni mwao waliokuwa vibarua wa jana. Mtu alipanda mkonge wake, na katika miaka ya mwanzo akachanganya mahindi na maharage kati ya mistari, akala huku akingoja mkonge ukue. La pili, hapo Hale ulijengwa mtambo wa kutoa umeme kwa gesi ya makapi ya mkonge. Katika ratili mia za majani, nyuzi hazizidi ratili nne au tano. Zilizobaki zilikuwa zikitupwa. Kumbe palikuwa na mali katika kitupwacho!

Lakini sikilizeni fundisho lake. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Sharti lifike kwenye korona upesi kabla halijakauka. Basi mkulima ana shamba, na mwingine ana mashine. Mwenye mashine ndiye mwenye mizani, ndiye mwenye daftari la makato, ndiye ajuaye bei ya sokoni. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba baada ya miaka wakulima walianza kulalamika juu ya malipo na makato, wakakusanyika katika vyama vyao vya ushirika, na Serikali ikaingia kati tena, ikayarejesha mashamba chini ya usimamizi wake. Kisha likatangazwa lengo la kufikia tani 120,000 ifikapo 2025. Lengo limehesabiwa kwa tani. Nasi twauliza kwa adabu: je, liko wapi lengo lililohesabiwa kwa watu? Wangapi watapata kazi, kwa ujira gani, na wangapi watamiliki mashine badala ya kuingojea?

Huenda mtu akasema kwamba kudai hivyo ni ndoto, kwamba soko halina huruma na nchi maskini haiwezi kuchagua. Basi natutazame kwa hao wakubwa wanaotufundisha habari za soko. Mwaka 1951 nchi sita za Ulaya zilipounganisha makaa ya mawe na chuma chao, zilijua ya kuwa baadhi ya migodi itafungwa. Zikaandika ndani ya mkataba wenyewe kwamba mchimbaji atakayepoteza kazi asaidiwe kwa fedha ya pamoja kufundishwa kazi nyingine na kuhamia penye kazi. Mwaka 1957, katika Mkataba wa Roma, zikaunda Mfuko wa Jamii wa Ulaya kwa ajili hiyo hiyo. Mwaka 2006 zikaunda mfuko mwingine wa kuwasaidia wanaopoteza kazi kwa sababu ya mageuzi ya biashara ya dunia. Na mwaka 2000, walipokutana Lisbon, wakuu wa Ulaya walijiwekea lengo kwamba ifikapo 2010 watu 70 katika kila 100 wenye umri wa kufanya kazi wawe kazini.

Hatudai kwamba wamefaulu. Lengo la Lisbon halikufikiwa. Na katika Ugiriki, baada ya 2010, matumizi yalikatwa kwa upanga kuwaridhisha wenye kudai, hata mwaka 2013 zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne watafutao kazi hakuwa nayo, na kwa vijana ilizidi nusu. Huko Ulaya kwenyewe basi yaonekana njia zote mbili: walipomkumbuka mfanyakazi katika mkataba, alivuka; walipomwacha nyuma ya hesabu, akazama. Tofauti kati ya mchimbaji wa makaa na mkata mkonge haikuwa ya akili wala ya bidii. Mmoja aliandikwa, mwingine hakuandikwa.

Ndugu wanachama, mtasema: sisi tuna karafuu, mkonge watuhusu nini? Watuhusu sana. Karafuu nayo ni mti mmoja uliobeba watu wengi. Tangu 1968 tuna shirika la taifa la biashara, na kwa miaka mingi mkulima wa Pemba alipata sehemu ndogo tu ya bei ya dunia, na wengine wakahatarisha roho zao baharini usiku kutafuta bei ya pili. Kila mara huzuka maneno ya kurekebisha: huyu ataka soko liachwe wazi, yule ataka lishikwe vile vile. Sisi hatusemi leo lipi lifuatwe. Twasema kwamba kabla ya kuchagua, yaandikwe mambo manne.

Kwanza, orodha ya watu itangulie orodha ya mali: mwenye shamba, mchumaji, mwanikaji, mchukuzi wa bandarini, na mwanamke anayechambua karafuu barazani. Pili, fedha za kuwavusha watakaopoteza kazi zitengwe kabla ya shirika kuguswa, wala zisiwe ahadi ya baadaye. Tatu, mizani na daftari viwe wazi, na wakulima wawe na sehemu yao katika mashine na maghala, yasije yakatupata ya jani kungoja korona. Nne, kila mwaka Serikali isome hadharani ni tani ngapi zimeuzwa na ni watu wangapi wamepata riziki, hesabu hizi mbili zisomwe pamoja.

Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wa watu wetu umechakaa, twakiri. Una matundu, na kuushona ni lazima. Lakini atakayekuja kuuchukua na atuonyeshe kwanza msala wake, tuupime kwa dhiraa, tuone kama twatosha kukaa sote.

Basi kazi tunayowapeni ni nyepesi kuisema. Mkirudi matawini kwenu, kila penye chama cha wakulima au kikundi cha wachukuzi, anzeni kuiandika orodha hiyo nyinyi wenyewe: jina, kazi, na watu wangapi humtegemea. Msiingoje tume. Siku watakapokuja na makaratasi yao ya matengenezo, nasi tutakuwa na karatasi yetu mkononi, na watu wetu hawatakuwa namba tena.