Majina ya Ndege na Ushahidi wa Ziwa: Mfano wa Nakuru



Mada yangu ni uhusiano baina ya msamiati na utazamaji wa ndege. Hoja yangu ni kwamba mtazamaji asiye na jina mahususi huona mengi, lakini hawezi kuyatolea ushahidi.

Mfano ni Ziwa Nakuru, Kenya. Hifadhi yake inapakana na mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mwaka 1990 ziwa hili lilikuwa la kwanza nchini humo kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhioevu.

Kiswahili hakikufika ziwani mikono mitupu. Tunaye mwari mwenye mfuko chini ya mdomo, mnandi anayezamia samaki, na domomwiko ambaye jina lake ni picha ya mdomo wake. Tatizo letu si uhaba wa maneno, bali upana wa maana. Korongo, kwa mfano, ni jina wanaloitwa ndege kadhaa wa miguu mirefu ambao wanasayansi huwaweka katika familia tofauti. Kamusi nazo aghalabu huridhika kutuambia kuwa huyu ni aina ya ndege.

Tumtazame heroe. Nakuru huonekana wa aina mbili. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na hutafuta viumbe vidogo topeni. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, na huchuja mwani mdogo mno unaostawi katika maji ya magadi. Kuanzia mwaka 2010 hivi maji ya ziwa yalipanda, magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa ya heroe wadogo yakahamia maziwa mengine, likiwemo Bogoria. Anayeandika kuwa heroe wamepungua hajatuambia ni yupi aliyekosa chakula. Anayeandika kuwa heroe wadogo wamepungua ameshaanza kueleza hali ya maji. Kivumishi kimoja kimebeba habari ya ziwa zima.

Mwari naye ana habari yake. Kuanzia miaka ya 1950 samaki wadogo wa jamii ya perege walipandikizwa ziwani ili wapunguze mbu. Mwari wakawafuata samaki. Kusema tu kwamba ndege waliongezeka ni kuificha sababu hiyo.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kabla ya kubuni istilahi, tukusanye majina waliyo nayo wavuvi na wazee wa pwani na wa maziwa. Pili, majina mapana kama korongo tusiyatupe. Tuyafanye majina ya kundi, kisha tuyaongezee vivumishi vya kubainisha. Wanafunzi wetu waende ardhioevu na darubini, daftari na kamusi, wairekebishe kamusi wakiwa huko huko.

Kila Januari ndege wa majini huhesabiwa katika maziwa ya Bonde la Ufa. Lugha itakayotaka kuyatetea maziwa hayo haina budi kuweza kutaja ni ndege yupi hakurudi.